Bangili za mama na ngome ya Siyu



Wanaotujua wanajua kwamba sisi dada wawili si watu wa matembezi. Tuna duka la kushona nguo za maharusi hapa Lamu, vyerehani vitatu na meza moja ya kukatia, na kuanzia Mfunguo Mosi kazi haitupi nafasi hata ya kuhudhuria harusi ambazo nguo zake tumezishona wenyewe. Kwa hiyo mdogo wetu, kitindamimba, aliposema wiki tatu kabla ya harusi yake kwamba anataka twende sote Siyu kwa siku moja tukaione ngome, tulidhani anatutania. Nguo yake mwenyewe ilikuwa bado imelala mezani, mkono mmoja una shanga na mwingine mtupu.

Hakuwa anatania. Yeye anasomea ualimu na historia ndiyo somo lake. Zaidi ya hayo, shangazi yake mchumba anakaa Siyu. Ni mtu mzima, miguu inamsumbua, na alikuwa ameshasema waziwazi kwamba hawezi kupanda boti kuja Lamu harusini, basi bibi harusi aletwe amwone. Mtu mzima akisema hivyo hapana mjadala. Mjomba wetu, ambaye ndiye mzee wetu tangu baba na mama watangulie mbele ya haki, akasema: "Nendeni. Na mimi naja."

Sisi wawili tulikuwa na sababu nyingine ya kutoipenda safari ile, na haikuwa shanga. Siku nzima katika boti moja na mdogo wetu, bila cherehani cha kujifichia nyuma yake, tuliiogopa. Mtaona mbele kwa nini.

Tulitoka baada ya sala ya Alfajiri, watu kumi na wawili: mjomba, kaka zetu wawili, wifi yetu, watoto sita, bibi harusi, na sisi. Hapana, kumi na tatu. Tunajihesabu wawili kama mmoja, ndiyo kawaida yetu. Wifi alibeba sufuria ya pilau utadhani tunahama. Sisi tulichukua mahamri, mbaazi za nazi, samaki wa kukaanga na chupa mbili za chai ya maziwa yenye iliki. Anayetaka kufanya safari hii na watoto, tunamwambia mambo mawili tu. La kwanza, msikubali boti isiyo na jaketi za kujiokolea za kutosha, za watoto ziwe za watoto, si za watu wazima zilizofungwa kamba. La pili, vaeni ndara. Buibui zuri la mtoko lenye mawe kwenye mikono libaki nyumbani, kwa sababu pindo lake litaingia matopeni, na sisi ndio mtakaotuletea tulifue.

Mjomba alisoma dua ya kupanda chombo na watoto wakaitikia amin kwa sauti ya kuamsha mji. Kaka yetu mdogo akauliza kama kwa kuwa tuko safarini tutasali Adhuhuri na Alasiri kwa kuchanganya na kukusuru. Mjomba akacheka. "Siyu? Kutoka Lamu hata masafa ya kusuru hayajafika. Utasali rakaa zako nne, na kila sala kwa wakati wake." Tunaliandika hili kwa sababu wengi wetu tukishaona boti tu tunajihesabu wasafiri.

Boti ilipita Mkanda, ile njia nyembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, maji yametulia kama chai kwenye sahani. Ilikuwa lazima tufike Siyu kabla maji hayajaanza kutoka. Hori la kuingilia Siyu ni la tope na mikoko, na maji yakipwa boti inakaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Nahodha alishatuambia: "Saa tatu na nusu nawashusha, saa nne mimi sipo. Mchana mtanikuta Mtangawanda." Mtangawanda ndiko kwenye gati upande wa pili wa kisiwa cha Pate, na kutoka Siyu mtu huenda kwa pikipiki.

Hapo Mkanda mdogo wetu alikuja kukaa katikati yetu, akaweka kichwa begani kwa mmoja wetu, akasema: "Dada, bangili za mama mmezipeleka kwa sonara zikasafishwe? Zisije zikanipa mkono mweusi siku ya harusi."

Tukasema tutazipeleka.

Sasa tueleze. Mama yetu alifariki mwaka 2018, Allah amrehemu. Aliugua muda mrefu, na katika siku za mwisho alituita sisi wakubwa akasema bangili zake nne za dhahabu ni za mdogo wetu, azivae akiolewa, kwa kuwa sisi wengine alishatuozesha na kututunza kwa mkono wake na huyu hatamkuta. Mjomba alitueleza palepale baada ya kuzika kwamba katika sheria ya mirathi marehemu hawezi kumwusia mrithi mmoja juu ya fungu lake, ila warithi wengine wote wakiridhia. Tukaulizwa mmoja mmoja, kaka zetu wawili na sisi wawili. Tukaridhia sote. Basi bangili zikawa mali ya mdogo wetu kwa haki. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko shule, tukakabidhiwa sisi tumwekee. Zilikuwa gramu 46 kwa mizani ya sonara. Tulizifunga ndani ya kitambaa cha kanga ya mama tukazitia chini ya sanduku.

Mwaka 2020 ukaja na korona. Harusi zikasimama. Nguo tulizokwisha kushona zilining'inia dukani, wenyewe hawaji kuzichukua wala kumalizia pesa. Kodi ya duka haikusimama. Mafundi wawili tuliowaajiri wana watoto. Mwezi wa saba mwaka ule tulizitoa bangili sandukuni, tukaziuza, tukalipa kodi ya miezi na mishahara, na kilichobaki tukanunulia vitambaa vya kushonea barakoa. Tuliambiana ni mkopo. Tuliambiana tutazirudisha kabla ya mwaka kwisha. Duka halikufa, alhamdulillah. Lakini dhahabu ilipanda bei, na kila tulipopata pesa ilitokea shughuli nyingine, ada, ugonjwa, paa linavuja, na kila Idi mdogo wetu alipoomba azivae hata kwa siku moja tulimwambia zisije zikaibiwa. Idi baada ya Idi. Kaka zetu hawakujua. Mjomba hakujua. Tulijua sisi wawili, na ndiyo maana tunaandika kwa "sisi".

Siyu ukifika kwa maji, kitu cha kwanza unachokiona ni ngome. Nyumba zinajificha nyuma ya minazi, ngome inakutazama. Ni ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe na chokaa, rangi imekuwa ya kijivu na ya mchanga kwa mvua na jua, na mnara wa mviringo pembeni. Sisi wa Lamu tumezoea ngome. Tuna yetu katikati ya mji, watoto wanacheza mbele yake kila jioni, na hadi mwaka 1984 ilikuwa jela. Lakini ya kwetu imezungukwa na maduka na mwembe na watu wanaokunywa kahawa. Hii imesimama peke yake na bahari. Mtoto mmoja alipoiona aliacha kula hamri.

Mtunzaji wa ngome alitupokea langoni, mtu mpole, akatuuliza tumetoka wapi. Mjomba akasema Lamu. Yule bwana akacheka, akasema: "Lamu! Basi safari hii mmekuja kwa heri. Mara ile mlikuja na jeshi."

Watoto wakataka kujua jeshi gani, na hapo ndipo tulipopata darsa. Fort Jesus ya Mombasa waliijenga Wareno, kuanzia 1593. Ngome yetu ya Lamu ilijengwa baada ya vita vya Shela, watu wa Lamu walipokwenda kuomba himaya kwa Sayyid Said wa Omani, na ikamalizika mnamo 1821. Hii ya Siyu, alisema, ni ya wenyeji wenyewe. Hawakujengewa na mgeni. Siyu ilikuwa na kiongozi wake, Mohamed Ishaq bin Mbarak, ambaye watu wote wanamwita Bwana Mataka, na yeye hakukubali kutawaliwa na Sayyid Said. Mwaka 1844 Sultani alileta jeshi kwa vyombo, askari Waarabu na Wabaluchi, na watu wa Lamu walikuwa upande wake. Walishuka Faza, si mbali na hapa, wakaelekea Siyu kwa miguu, wakaviziwa njiani, wakarudishwa walikotoka. Siyu haikunyenyekea moja kwa moja hadi zama za Sultani Majid, mwanawe Sayyid Said.

"Kwa hiyo babu zetu walipigwa?" aliuliza mtoto wa kaka.

"Walipigwa," akasema mjomba. "Na leo tunawapa binti yetu. Nyamaza ule hamri yako."

Ndani ni uwanja wazi na kuta nene. Mnene wa kuta hizo mtu hauelewi mpaka aweke mkono kwenye tundu la ukuta na kuona mkono wote umeingia. Watoto walipanda juu ya mizinga mizee kama wanapanda punda. Sisi tulitazama lango, nakshi za mbao, kwa jicho la fundi: namna maua yanavyofuatana bila kukatika kwenye kona. Kona ndipo panapomuumbua fundi, awe seremala au mshoni. Kisiwa hiki kilikuwa na mafundi wa kila namna. Pate, mji jirani, ulisifika kwa nguo za hariri tangu siku za Wareno. Siyu ilisifika kwa viatu vya ngozi, kwa milango, na zaidi kwa wanavyuoni na waandishi. Misahafu ilinakiliwa hapa kwa mkono, herufi kwa herufi, kwa wino mweusi na mwekundu, na mingine imehifadhiwa hadi leo. Mdogo wetu alisimama akisikiliza, ametoa daftari. Daftari lile likumbukeni.

Kisha mtunzaji akasema neno lililotufanya sisi wawili tutazamane. "Na nyinyi wa maharusi mnamjua mke wa Bwana Mataka. Mwana Kupona binti Msham."

Tunamjua! Nani katika sisi hamjui? Dukani kwetu, bibi harusi akija kupimwa, huwa kuna shangazi au somo wa kumkumbusha habari za Mwana Kupona, amfurahishe mume, anukie, asimjibu. Sisi wenyewe tumesema hivyo mara nyingi, na sindano mdomoni. Lakini hatukuwahi kumfikiria kama mwanamke aliyekaa mahali, karibu na ukuta huu, mumewe akiwa mtu wa vita. Mdogo wetu ndiye aliyetuvunja. Alisema utenzi ule wa 1858 watu wanausoma nusu. Mwana Kupona alipoutunga alikuwa mjane, tena mgonjwa, maradhi yamemshika muda wa mwaka mzima. Alimwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Binti alikuwa na miaka kama kumi na saba. Haukupita muda mrefu sana mama akafariki. Hashima aliishi mpaka 1933.

"Miaka mingi bila mama," alisema mdogo wetu. "Alikuwa na yale maneno tu. Sasa watu wanayachukua wanawapigia maharusi kama fimbo. Yule alikuwa mama anaogopa kumwacha mtoto." Kisha akasema, bila kutukusudia sisi, tunaapa hakutukusudia: "Na mume haji mwanzo. Mwanzo ni dini. Kisha adabu. Kisha kuwa mkweli, mtu ukisema uaminike. Ndiyo tatu za kwanza. Nani anawasomea maharusi hizo?"

Halafu akatabasamu, akatushika mikono, akasema: "Mimi wangu hakuniachia utenzi. Ameniachia bangili."

Dada zetu, kuna wakati uwongo unakuwa mzito kuliko ukweli hata kama ukweli ni mbaya. Watoto walikuwa wanapiga kelele, "bum, bum", kwenye mzinga. Wifi alikuwa anauliza choo kiko wapi. (Nendeni kabla hamjaingia ngomeni, mwombeni mwenyeji yeyote mjini, watu wa Siyu ni wakarimu.) Tulimvuta mdogo wetu mpaka kwenye kivuli cha mnara, na mmoja wetu akaanza na mwingine akamalizia, maana hakuna aliyeweza kuisema yote. Tulisema hazipo. Tulisema lini na kwa nini.

Hakulia. Tulikuwa tumejitayarisha kwa kilio. Aliuliza: "Mwezi wa saba, 2020?" Tukasema ndiyo. Akahesabu kwa vidole, Idi moja moja, Idi ndogo na Idi kubwa, akitutazama kila kidole kinapokunjika, na vidole vya mkono mmoja vilipokwisha akaingia wa pili. Kisha akasema: "Zote hizo mlikuwa mnaniambia wezi."

Mmoja wetu alisema tulitaka kumwokoa asihuzunike. Akajibu: "Mngeniuliza, pengine ningekataa. Nilikuwa mtoto, ningekataa. Lakini ilikuwa haki yangu kukataa."

Akaenda zake. Alisimama upande wa pili wa uwanja, ametupa mgongo, anatazama ukuta. Hatukumfuata. Tulikaa chini pale kivulini, na tukakumbuka kitu cha kipuuzi kabisa: kwamba siku tulipoziuza, sonara alitaka kuturudishia kile kitambaa cha kanga na sisi tukamwambia akitupe.

Alipogeuka hakuja kwetu. Alikwenda kwa mjomba na kaka zetu. Tuliona kaka mkubwa anageuka kututazama, na jicho lile hatulisahau. Kisha wakaja wote watatu naye mbele, daftari mkononi, na kalamu.

"Mjomba," alisema, "aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya nini?"

Mjomba akakohoa. "Aya ya deni. Katika Suratul Baqara."

"Inasema tufanye nini?"

"Deni la muda liandikwe. Na mashahidi."

"Basi liandikwe."

Hivyo ndivyo tulivyokaa chini, ndani ya ngome ya Bwana Mataka, tukaandika deni. Tulitaka kuandika kiasi cha shilingi tulizopata siku ile. Mdogo wetu akakataa. Alisema alichoachiwa na mama ni dhahabu, si shilingi za 2020. Mjomba akamuunga mkono: mwenye kutumia amana bila idhini ya mwenyewe imekuwa deni shingoni mwake, na kilicholiwa kwa mizani kirudi kwa mizani, dhahabu kwa dhahabu. (Mwenye jambo kama hili amwulize sheikh wake au kadhi, maana kila kisa kina yake.) Tukaandika gramu 46. Tukaandika muda: bangili moja kila miezi sita. Tukatia majina yetu wawili, kaka zetu wakashuhudia. Kaka mdogo mwandiko wake ni mbaya, akaambiwa arudie. "Hapa ni Siyu," alisema mdogo wetu. "Mji wa waandishi. Andika vizuri." Akacheka kidogo aliposema hivyo, na sisi ndipo tulipolia.

Kaka mkubwa hakuzungumza nasi mpaka baada ya Adhuhuri. Alikuwa na haki.

Nyumbani kwa shangazi yake mchumba tulipokewa kwa maji ya madafu na mikeka imekwisha tandikwa. Pilau ya wifi ikaunganishwa na samaki wa kupaka wa mwenyeji, na ikatosha kwa majirani. Bibi yule alimkalisha mdogo wetu karibu naye, akamshika uso, akamshika mabega, akamgeuza kama sisi tunavyogeuza kitambaa kutafuta upande wa mbele. Akamsomea dua ndefu. Kisha akamshika mikono, akaitazama.

"Mwanangu, mbona mikono mitupu? Mama yako hakukuachia kitu?"

Kimya kikaingia chumbani. Wifi akaanza kuokota punje za wali kwenye mkeka. Sisi wawili tulitazama chini, tunangoja. Alikuwa na kila sababu ya kusema, na mbele ya watu wa mumewe ingetosha neno moja tu.

"Ameniachia, bibi," akasema mdogo wetu. "Dhahabu yangu iko kwa dada zangu. Imeandikwa."

Bibi akasema mashaallah, watoto wa siku hizi wamesoma. Akamwita mjukuu, akaletwa viatu vya ngozi vya Siyu, vimeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo usiopinda, akamvisha bibi harusi mwenyewe kwa mikono yake.

Safari ya kurudi haina mengi. Pikipiki nne mpaka Mtangawanda, vumbi la kutosha, mtoto mmoja alipoteza ndara. Nahodha alikuwa amelala kwenye boti. Tulipita Mkanda jua linazama, Maghribi tukaisali baada ya kushuka gatini Lamu. Mdogo wetu alikaa mbele pamoja na watoto. Hakuja kutulalia begani. Tuliposhuka alitupa mkono, wa kwanza kisha wa pili, kutusaidia kuvuka ubao, lakini hakusema kitu.

Usiku ule hatukulala, tuliutia shanga ule mkono wa pili wa nguo. Siku ya tatu alikuja dukani kujaribisha, akasimama mbele ya kioo, akasema kiuno kipunguzwe kidogo. Tukapunguza. Siku ya harusi alivaa bangili za kuazima za wifi yetu, na miguuni chini ya nguo ile ndefu alivaa viatu vya Siyu, na hakuna aliyeviona ila sisi tuliompandisha pindo.

Mnaotaka kwenda, Siyu iko na ngome iko. Tazameni maji kwanza, muulizeni nahodha wenu saa ya kujaa siku hiyo, si ya jana. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, na kitu kidogo cha kumpa mtunzaji, maana hakutuomba chochote na alitupa nusu ya siku yake.

Bangili ya kwanza tuliinunua mwezi wa Mfunguo Sita, gramu 11 na nusu. Alikuja kuichukua na daftari lake, akaipima kwa sonara mbele yetu, akaandika.